SITI BINTI SAAD: SAUTI ILIYOPATA MWALIMU

Na mwanafunzi wa zamani, Kiwengwa

 Kamati ya jarida letu imenitaka niandike maisha ya mtu mmoja mashuhuri aliyekwisha kutangulia mbele ya haki, ambaye habari zake zina funzo kwa skuli yetu. Nimefikiri sana. Tunao viongozi, tunao wanazuoni, tunao madaktari na mabaharia wa kuandikwa. Mimi nimemchagua mwanamke ambaye utotoni hakusoma skuli wala chuoni, mtoto wa mfinyanzi, aliyekuwa akibeba vyungu kichwani kutoka Fumba kuja kuviuza mjini. Namtaja Siti binti Saad.

Huenda wengine wakashangaa kwa nini jarida la skuli limpe kurasa mtu asiyesoma. Naomba wanivumilie hadi mwisho. Katika mkutano wetu wa mwaka huu tutakuwa na mapendekezo mawili mbele yetu juu ya matumizi ya fedha tulizochanga: kujenga lango jipya la skuli, au kutengeneza chumba cha sanaa, chenye vyombo vya muziki, rangi na ubao wa kuchorea, pamoja na mwalimu wa kukitumikia. Mimi nina upande wangu katika jambo hili, wala siuficha. Lakini badala ya kuutetea kwa hoja tupu, nimeona bora nieleze maisha ya mtu mmoja, kisha kila mjumbe apime mwenyewe.

KUZALIWA KWAKE

Siti alizaliwa Fumba, kusini-magharibi ya Unguja, karibu na mwaka 1880. Baba yake, Mzee Saad, alikuwa na asili ya Kinyamwezi, na mama yake alikuwa na asili ya Kizigua, lakini wote wawili walizaliwa Unguja. Jina alilopewa mtoto huyu halikuwa Siti. Aliitwa Mtumwa, na jina hilo lilieleza waziwazi zama alizozaliwa. Utumwa ulikuwa bado ni jambo la sheria visiwani, na haukufutwa kwa amri ya serikali hadi mwaka 1897, wakati ambapo yeye alikuwa msichana wa miaka kumi na saba hivi. Jina la Siti, lenye maana ya bibi mwenye heshima, alilipata ukubwani, baada ya kuufikia mji na mji kumjua.

Baba yake alikuwa mkulima, na mama yake alikuwa mfinyanzi. Basi binti naye alijifunza ufinyanzi kwa mama yake, kama ilivyo desturi ya kazi za mikono katika nchi yetu: mtoto hukaa kando ya mzazi, hukanda udongo, huharibu, hurudia, mpaka siku moja chungu kinasimama. Nawaomba wasomaji walikumbuke jambo hili dogo. Mtu tunayesema hakusoma, alikuwa amekwisha kupita katika mafunzo ya sanaa moja chini ya mwalimu wake wa kwanza, ambaye ni mama yake, na mafunzo hayo yalimpa riziki.

Vyungu vikishachomwa vilikuwa lazima viuzwe. Fumba hapakuwa na soko la kutosha, kwa hiyo alivibeba na kwenda navyo kwa miguu hadi mjini, akipita vijijini na mitaani. Muuzaji wa namna hiyo hana duka wala kibao cha tangazo, tangazo lake ni sauti yake. Siti alipopaza sauti kunadi vyungu vyake, watu waliitambua kabla hawajamwona mwenyewe. Inasimuliwa kwamba sauti ile ilikuwa na nguvu ya kufika mbali sana, na kwamba wateja walisimama milangoni kumsubiri, wengine wakitaka chungu, wengine wakitaka kumsikia tu.

Hivyo ndivyo alivyoishi mpaka akapita umri wa miaka thelathini. Kipaji kilikuwa kamili, na kila aliyesikia alijua hivyo. Hata hivyo, kwa miaka yote hiyo kazi yake ilikuwa kuuza vyungu.

KUHAMIA MJINI

Mwaka 1911 Siti aliamua kuhama Fumba na kukaa mjini. Mji wa Unguja wa wakati ule uligawanyika sehemu mbili. Upande mmoja ulikuwa mji wa mawe, wenye majumba ya ghorofa ya matajiri, wafanyabiashara na maofisa. Upande wa pili, kuvuka maji ya pwani yaliyoingia ndani, ulikuwa Ng'ambo, mtaa wa nyumba za udongo na makuti, walikokaa wachukuzi, mafundi, wapagazi, wavuvi, wafanyakazi wa majumbani na wengi waliotoka katika utumwa au waliozaliwa na wazee waliokuwa watumwa. Siti alikuwa mtu wa Ng'ambo.

Muziki nao uligawanyika vivyo hivyo. Taarabu ilikuwa muziki wa jumba la Sultani na wa watu wa daraja la juu, na ikiimbwa kwa Kiarabu. Kwa mujibu wa masimulizi yanayokubaliwa na wengi, Sayyid Barghash, aliyetawala kuanzia mwaka 1870 hadi 1888, aliupenda muziki wa Misri, akamtuma Mohammed bin Ibrahim kwenda Cairo kujifunza. Kijana huyo alirudi na ujuzi wa ganuni akawafundisha wenziwe. Kwa lugha ya leo tungesema alipewa nafasi ya masomo ya nje kwa fedha za serikali, na masomo yenyewe yalikuwa ya sanaa. Kisha mwaka 1905 vijana wa mjini wakaanzisha chama chao cha muziki, Nadi Ikhwani Safaa, ambacho kipo hadi leo, miaka zaidi ya mia moja baadaye.

Naeleza haya kwa sababu wako wenzetu wanaodhani muziki huota wenyewe kama magugu. Taarabu tunayoisikia harusini leo ililetwa kwa kusomewa. Mtu alipelekwa akafundishwa, akarudi akafundisha wengine, na hao wengine wakaunda chama cha kuwafundisha waliowafuata. Siku mnyororo ule ulipomfikia mwanamke mmoja kutoka Fumba, ndipo habari yetu inapoanza hasa.

WALIOMFUNDISHA

Mjini Siti alikutana na Ali Muhsin, mkaazi wa Mtendeni, aliyekuwa mmoja wa watu wa Ikhwani Safaa. Ali Muhsin aliisikia ile sauti, akatambua mambo mawili kwa pamoja: kwamba ni sauti isiyo ya kawaida, na kwamba haijafunzwa. Wengi kabla yake waliishia kwenye lile la kwanza. Yeye alifanya kazi ya lile la pili. Alimfundisha kuimba pamoja na vyombo, na kushika mahadhi.

Kwa asiyejua, hili huonekana jambo dogo. Mtu anayeimba peke yake njiani hupandisha na kushusha apendavyo, huvuta neno apendavyo, hupumua atakapo. Akikaa mbele ya udi na fidla lazima ajue vyombo vimepigwa katika sauti gani, wapi pa kuingia, wapi pa kunyamaza ili fidla ijibu, na wapi tari na dumbaki vinamsubiri. Taarabu ya asili ya Misri ina maqamu zake, yaani njia za mfuatano wa sauti, na kila njia ina sheria na ladha yake. Wimbo wa Kiarabu nao unataka matamshi sahihi. Haya yote hayaji kwa kipaji peke yake. Yanataka saa nyingi, masikio ya mwalimu, na subira ya mwanafunzi mtu mzima anayeanza darasa la kwanza akiwa na miaka thelathini na zaidi.

Baadaye Ali Muhsin alimjulisha kwa wanamuziki wengine, na hao ndio waliokuja kuwa wenzake wa maisha: Subeti bin Ambari mpiga udi, Mbaruk mpiga fidla, ambaye alikuwa kipofu, pamoja na Buda na Mwalimu Shaaban. Walipatana kufanya kazi pamoja. Walikutana nyumbani kwa Siti Ng'ambo usiku, wakatunga, wakajaribu, wakasahihishana, na majirani wakaja kusikiliza. Ndugu zangu, ile nyumba ilikuwa skuli. Haikuwa na kengele wala daftari la mahudhurio, lakini masomo yalikuwepo na mitihani ilikuwepo, kwa kuwa wimbo mbaya haukurudiwa kesho yake.

Jambo jingine lilifanyika katika nyumba ile ambalo lilibadili muziki wa mwambao wote. Taarabu ilianza kusema Kiswahili. Siti hakuacha kuimba Kiarabu alipoalikwa majumbani kwa wakubwa, na alialikwa sana, hata katika jumba la Sultani Khalifa bin Harub. Lakini kwa watu wake aliimba kwa lugha yao na juu ya mambo yao, na muziki uliokuwa wa baraza za watu wachache ukashuka hadi uani.

Mafanikio hayakosi maneno. Wako waliomtungia nyimbo za kumdhihaki, wakimkumbusha kwamba alikuja mjini na kaniki, nguo ya kimasikini, na wakimcheka uso wake kwamba hauna uzuri. Siti hakushtaki wala hakugombana. Alijibu kwa wimbo, akaonyesha kwamba uzuri si hoja na kwamba akili ndiyo ya kutafutwa. Wimbo wa majibu ukadumu zaidi kuliko ule wa dhihaka. Kijana aliyefunzwa sanaa hujibu kwa sanaa. Asiye na silaha hiyo huenda akajibu kwa ngumi.

SAFARI YA BOMBAY

Mwezi wa Machi mwaka 1928 Siti na wenzake walisafiri kwa meli hadi Bombay, India, kurikodi nyimbo zao kwa kampuni ya santuri ya His Master's Voice. Umri wake ulikuwa unakaribia miaka hamsini. Alikuwa miongoni mwa waimbaji wa kwanza kabisa wa Afrika Mashariki kutiwa katika santuri.

Kurikodi nako kulikuwa darasa jipya. Santuri za siku zile zilizunguka mara 78 kwa dakika, na upande mmoja ulibeba kiasi cha dakika tatu hivi. Wimbo wa harusini huweza kuchukua nusu saa kwa kurudiwarudiwa, kutuzwa na kujibizana. Pale Bombay iliwabidi waimbaji na wapigaji waufupishe bila ya kuuvunja, wajue beti zipi ziingie na zipi ziachwe, na vyombo vipate nafasi yake, yote hayo kabla nafasi ya santuri haijamalizika. Mtu asiyekuwa na mazoezi ya muda mrefu asingeweza.

Matokeo yake yalizidi matarajio. Kundi lile lilirudi kurikodi tena katika miaka iliyofuata, na nyimbo zilizotiwa katika santuri zilipita 150. Hadi mwaka 1931 zilikuwa zimeuzwa santuri zipatazo 72,000. Hesabu hiyo ni kubwa kwa wakati ambao gramafoni yenyewe ilikuwa mali ya wachache, na wengi walisikiliza kwa kukusanyika mikahawani na mabarazani. Sauti ya Siti ilisikika Mombasa na Lamu, Tanga na Dar es Salaam, na mbali zaidi bara, mahali ambapo mguu wake haukufika. Na pamoja na sauti kilikwenda Kiswahili cha Unguja.

Wanafunzi wa biashara na wa sheria miongoni mwenu naomba waitazame tena hesabu ile. Santuri 72,000 ni fedha, na penye fedha kuna mkataba, kuna fungu la kampuni, kuna fungu la muuzaji, na linatakiwa liwepo fungu la msanii. Siku zile mwimbaji wa Ng'ambo hakuwa na sheria ya kumlinda hapa kwetu. Zanzibar ilipata sheria yake ya hakimiliki mwaka 2003, na ipo ofisi ya kuisimamia. Lakini sheria humsaidia anayejua kuwa ipo. Kumfundisha kijana kupiga udi bila ya kumfundisha kusoma mkataba ni kumfundisha nusu ya kazi.

NYIMBO ZAKE

Siti aliimba mapenzi, kama waimbaji wote. Lakini nyimbo zilizomfanya apendwe na wanyonge ni zile zilizosema mambo yanayotendeka mitaani na mahakamani. Maarufu kati yake ni ule wa Kijiti, unaosimulia kisa cha kweli. Mwanamke mgeni aliyekuja Unguja kutoka Dar es Salaam aliuawa na mtu aliyeitwa Kijiti, naye muuaji akavuka bahari akakimbia. Waliobaki kupata taabu ya sheria ni wanawake waliokuwa wenyeji wa marehemu, ambao walikuja kutoa ushahidi wakashtakiwa wao kwa habari ya ulevi. Mji mzima ulinong'ona juu ya hukumu ile. Siti aliiimba.

Tukumbuke hali ya wakati huo. Watu wa Ng'ambo hawakuwa na gazeti la kuwasemea, na wengi hawakujua kusoma. Wimbo ndio uliokuwa gazeti lao, na ulikuwa gazeti ambalo huwezi kulinyang'anya, kwa maana mtu huliweka kichwani. Kwa sababu hiyo, baada ya miaka mingi, chama cha waandishi wa habari wanawake cha Tanzania kilipoanzisha jarida lake mwaka 1988 kililipa jina la Sauti ya Siti. Waandishi waliosoma vyuoni walimkubali mwuza vyungu kuwa mkubwa wao katika kazi.

KUFA KWAKE NA WALIOMRITHI

Siku za mwisho za uhai wake Siti alitembelewa na Shaaban Robert, mshairi wetu mkubwa aliyezaliwa upande wa Tanga. Shaaban Robert alikaa naye, akamuuliza habari za maisha yake, kisha akaandika Wasifu wa Siti binti Saad, kitabu ambacho vizazi vya wanafunzi vimekisoma madarasani. Haukupita muda mrefu, tarehe 8 Julai 1950, Siti alifariki dunia.

Angalieni jinsi mambo yalivyokutana. Mwanamke ambaye darasa halikumpokea, aliingia darasani kwa njia ya kitabu, na akafundishwa kwa wanafunzi kama sisi. Baadhi yetu tulifanyia mtihani habari za maisha yake. Lau Shaaban Robert angechelewa mwaka mmoja tu, sehemu kubwa ya habari hizo ingezikwa pamoja naye. Hivyo kuandika nako ni katika sanaa zinazotakiwa kufundishwa, na mwenye kuandika ana deni kwa wenye kuimba.

Urithi wake haukukatika. Fatuma binti Baraka, tuliyemjua sote kwa jina la Bi Kidude, alijifunza nyimbo za Siti tangu akiwa mtoto kwa kumsikiliza, akaziimba hadi uzeeni. Mwaka 2005 alipewa tuzo ya kimataifa ya WOMEX, na alifariki tarehe 17 Aprili 2013. Mwaka 2020 kitukuu cha Siti, Siti Muharam, alitoa santuri yenye nyimbo za bibi yake. Mnyororo uliotoka Cairo hadi Mtendeni, na Mtendeni hadi Ng'ambo, bado una pete mpya.

KIWENGWA YA LEO

Sasa nije nyumbani. Kiwengwa ni kijiji changu, pwani ya mashariki, upande wa kaskazini, safari ya gari nambari 117 kutoka mjini. Wazee wetu walikuwa wavuvi na wakulima, kina mama wakalima mwani. Katika miaka ya 1990 hoteli za kitalii ziliota pwani yetu moja baada ya moja, na leo ukitembea ufukweni usiku unasikia ngoma na nyimbo kila baada ya hatua mia chache. Vijana wetu ndio wanaopiga. Mchana wengine wao huuza picha za rangi za Tingatinga, sanaa iliyoanzishwa Dar es Salaam na Edward Saidi Tingatinga katika miaka ya 1960, ambaye naye hakusomea uchoraji, lakini aliwafundisha vijana waliokaa naye, na kwa sababu hiyo alipofariki mwaka 1972 sanaa yake haikufa.

Mimi nimestaafu ualimu, na Jumamosi hukaa na vijana hao chini ya mkungu karibu na diko, nina fidla yangu kuukuu. Wanazo sauti, wallahi. Yuko mmoja ambaye akiimba hata wavuvi wanaotengeneza nyavu huacha sindano. Lakini anajua nyimbo nne, zile zile ambazo wageni wanazitaka kila usiku, na hajui ameanza katika sauti gani. Siku moja kulitokea nafasi ya kazi ya kudumu katika bendi iliyohitaji mtu anayeweza kusoma alama za muziki na kupokea wimbo mpya kwa siku moja. Kazi hiyo ilikwenda kwa kijana wa kutoka mbali aliyekuwa amesoma. Yule wetu hakulalamika. Aliniuliza tu ni nani aliyemfundisha Siti. Sikuwahi kuulizwa swali bora kuliko hilo katika miaka yangu ya ualimu.

Wazazi nao wana hofu yao, na mimi siidharau. Wanaona ngoma ya hotelini kuwa ni njia ya mtoto kuacha skuli, na wengine wanaogopa tabia atakazochukua huko. Naona dawa ya hofu hiyo ni kuileta sanaa ndani ya skuli, penye mwalimu, saa maalumu na nidhamu, kuliko kumwachia mtoto aifuate mwenyewe gizani ufukweni.

Na nafasi za kusoma zipo, ila vijana wengi wa shamba hawazijui. Mjini Unguja Chuo cha Muziki wa Nchi za Jahazi kilianzishwa mwaka 2001, kikafungua milango mwaka 2002 katika Jumba la Forodha la zamani, na mamia ya vijana na watu wazima wamejifunza humo udi, ganuni, fidla na ngoma. Chuo hicho kimewahi kuyumba kwa ukosefu wa fedha, jambo ambalo linatufundisha kwamba taasisi za sanaa haziishi kwa makofi. Bagamoyo kuna Taasisi ya Sanaa na Utamaduni, iliyoanza kuwa chuo mwaka 1981, inayofundisha muziki, ngoma, maigizo na uchoraji. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina masomo ya sanaa kwa anayetaka shahada. Tamasha la Filamu la Nchi za Jahazi lilianza mwaka 1998 na Sauti za Busara mwaka 2004, na katika shughuli za namna hiyo hawatakiwi waimbaji peke yao. Wanatakiwa mafundi wa sauti na wa taa, wapiga picha, wahasibu, wafasiri, wachoraji wa matangazo na waandishi. Kila mmoja wa hao ni mtu wa sanaa mwenye mshahara.

Wala nafasi hizi si za vijana peke yao. Wenzangu mliomo maofisini, mnaosema wakati umekwisha kupita, kumbukeni umri wa Siti alipokaa mbele ya Ali Muhsin kwa mara ya kwanza. Karani anaweza kujifunza udi jioni. Mwalimu wa Jiografia anaweza kujifunza kuchora ili afundishe vizuri zaidi. Muuguzi anaweza kuandika tamthilia ya afya ikachezwa na kijiji kizima.

NINI TUFANYE

Nina mapendekezo matatu kwa mkutano wetu.

La kwanza, fedha zilizochangwa ziende katika chumba cha sanaa. Lango la sasa limepinda, nakubali, na mvua za masika hazilipendi. Lakini linafunga na kufunguka. Tunaweza kulipaka rangi kwa kujitolea siku moja, nami nitakuja na brashi yangu. Udi hauwezi kupatikana kwa kujitolea siku moja, wala mwalimu.

La pili, kila mwanafunzi wa zamani mwenye ujuzi atoe saa mbili kwa mwezi. Sisemi wapiga muziki tu. Mwanasheria awaeleze vijana mkataba ni kitu gani. Mhasibu awafundishe kuweka hesabu za kikundi. Seremala awaonyeshe namna ya kutengeneza chombo kilichovunjika. Mwandishi wa habari awafundishe kuwahoji wazee wa vijiji vyao, kama Shaaban Robert alivyomhoji Siti, kabla wazee hao hawajaondoka na nyimbo zao. Kiwengwa peke yake ninao wazee watatu wa aina hiyo, na hakuna anayewaandika.

La tatu, chumba hicho kiwe wazi siku za Jumamosi kwa vijana walioacha skuli na kwa watu wazima. Kama tutakifunga kwa wanafunzi wenye sare peke yao, basi yule Siti wa leo, anayepita barabarani na beseni la vitumbua kichwani, atapita moja kwa moja.

Na nyinyi wanafunzi wa sasa, neno langu kwenu ni fupi. Mwenye kipaji asijivune na asiye nacho asikate tamaa, kwani sijaona katika maisha ya Siti mahali ambapo kipaji kilimtosha. Someni Hisabati yenu na Kiswahili chenu, na hapo hapo mshike chombo kimoja, au kalamu, au brashi, mkae na anayejua kuliko nyinyi. Mkipata mwalimu msimwache. Na mkishajua, siku moja mtasikia sauti ya mtu anayeuza kitu njiani, nzuri kuliko zote mlizopata kuzisikia. Msiishie kumsifu mkaingia ndani. Tokeni mlangoni mumuulize anakaa wapi.

Tutaonana katika mkutano, inshallah. Mapendekezo yangu nimekwisha kumkabidhi Katibu, na yeyote anayeona vyingine aje na hoja zake tuzungumze kama ndugu.